Mr. Bean, vipindi vyote 14: nunua vizima, achana na vipande

Hapa Mombasa Mr. Bean hupatikana kwa njia tatu. Kuna seti ya DVD yenye vipindi vyote, ambayo mara nyingi huletwa na jamaa anayetoka Uingereza au Dubai, au huagizwa mtandaoni. Kuna flash inayojazwa kwenye maduka ya muvi. Na kuna chaneli yake rasmi ya YouTube. Sura ni moja, koti la kahawia na tai nyembamba nyekundu ni zilezile, lakini mali si moja. Tathmini hii ni ya vipindi 14 vya asili, vya mwaka 1990 hadi 1995, na hukumu tunaitoa mapema: vitafute vizima, kila kimoja na dakika zake 25 hivi, kwa mpangilio wake. Anayetazama vipande vya dakika tatu anamwona Rowan Atkinson mwigizaji na kumkosa Atkinson mwandishi, na huyo wa pili ndiye aliyeifanya kazi hii idumu zaidi ya miaka 30.

Atkinson alizaliwa tarehe 6 Januari 1955 huko Consett, kaskazini mashariki mwa Uingereza. Alisomea uhandisi wa umeme, kwanza Newcastle, kisha shahada ya uzamili katika chuo cha Queen's, Oxford. Oxford ndiko alikokutana na watu wawili walioandamana naye miaka yote iliyofuata: Richard Curtis, mwandishi, na Howard Goodall, mtunzi wa muziki. Ile kwaya ya mwanzoni, Bean anapodondoka barabarani usiku ndani ya mwanga, ni ya Goodall, na maneno yake ya Kilatini maana yake ni "tazama mtu ambaye ni harage". Inaimbwa kwa uzito wa kanisani kabisa, bila dalili yoyote ya mzaha, na hapo tayari umeshapewa kanuni ya kipindi kizima: jambo dogo hushughulikiwa kwa heshima kubwa.

Televisheni ilimjua kwanza kupitia Not the Nine O'Clock News ya BBC, 1979 hadi 1982, kisha Blackadder, mfululizo wa vichekesho wa BBC. Kuhusu Blackadder kuna jambo ambalo wapenzi wengi wa Bean hawalijui. Msimu wa kwanza, wa 1983, Atkinson aliuandika pamoja na Curtis. Kuanzia msimu wa pili, 1986, aliiacha kalamu, Ben Elton akashika nafasi yake, na yeye akabaki kuigiza tu hadi msimu wa nne wa 1989. Mazungumzo yakawa makali, sentensi zikawa kama wembe, na kipindi kikapanda. Halafu mara tu baada ya hapo, 1 Januari 1990, anarudi akiwa mwandishi tena, pamoja na Curtis na baadaye Robin Driscoll, safari hii kwa mhusika asiyesema karibu chochote. Ukizipanga kazi zake hivyo unaona wazi kwamba nguvu ya kalamu yake haiko kwenye maneno ya kutamkwa. Iko kwenye kuamua mkono uguse nini kwanza na jicho liende wapi baadaye. Atkinson ana kigugumizi, na amelisema hilo hadharani, pamoja na kwamba akishaingia ndani ya mhusika mara nyingi kigugumizi humwachia.

Bean mwenyewe alijaribiwa kabla ya kupelekwa kwenye televisheni. Mwaka 1987, kwenye tamasha la vichekesho la Montreal, Kanada, Atkinson aliomba apangwe kwenye onyesho la watu wanaozungumza Kifaransa badala ya lile la Kiingereza. Alitaka kujua kama hadhira isiyotegemea lugha yake itacheka. Ilicheka.

Kwa sisi watu wa Pwani jaribio hilo lina maana. Vichekesho tulivyokulia navyo vinakaa kwenye ulimi. Mzee Ojwang' wa Vitimbi, yaani Benson Wanjau aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu aliyeigiza kwa lafudhi ya Kijaluo, na sehemu kubwa ya kicheko chake ilitoka humo. King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018, alikuwa na mwili wa kuchekesha pia, lakini ukimzima sauti unapoteza nusu yake. Kazi zao husafiri mpaka pale Kiswahili kinapofika. Bean unaweza kumweka sebuleni mbele ya bibi asiyejua neno la Kiingereza na mjukuu wa miaka minne, wakacheka sekunde ileile. Hiyo haimfanyi kuwa bora kuliko kina Ojwang'. Inaeleza tu kwa nini maandishi yake lazima yawe sahihi kama hesabu. Hakuna neno la kuja kumwokoa kama tendo halikukaa sawa.

Tazama benchi la bustanini, kipindi cha tatu, kilichoonyeshwa mara ya kwanza tarehe 30 Desemba 1990. Bean ameketi. Kando yake mwanamume mwingine, Angus Deayton, anafungua sandwichi yake iliyotengenezwa nyumbani. Bean anaitazama, kisha anaanza kutoa vitu kotini. Mkate ambao bado haujakatwa, anaukata kwa mkasi. Siagi anaipaka kwa kadi ya benki. Majani ya saladi anayaosha kwenye mfereji wa kunywea maji, anavua soksi, anayatia ndani na kuizungusha hewani mpaka maji yatoke. Samaki wako hai ndani ya chupa. Anawaua kwa kuwagonga pale pale kwenye benchi. Pilipili manga anaifunga kwenye leso na kuiponda kwa kiatu. Chai ameileta ndani ya mpira wa maji moto, ule ambao watu wa nchi za baridi hulala nao. Kila kitu kikiwa tayari anapiga chafya, na chakula chote kinaharibika. Jirani yake anamgawia sandwichi yake.

Mwaka 1992 Atkinson alitoa kipindi cha kufundisha vichekesho vya mwili, Laughing Matters, na humo anaeleza kwamba mtu au kitu huchekesha kwa njia tatu: kwa kutenda kisivyotarajiwa, kwa kuwa mahali pasipo pake, au kwa kuwa na ukubwa usiofaa. Pale benchini karibu kila kifaa kinafanya kazi ya kifaa kingine. Lakini kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio. Mkasi na kadi ni vitu safi, na mtazamaji anacheka kwa kuafiki tu kwamba kweli, hata hivyo inawezekana. Soksi inaleta kinyaa. Samaki wanaleta mshtuko. Ukianza na samaki, soksi haina nguvu tena. Ukiweka kiatu kabla ya soksi, unakuwa umetumia mguu mara mbili bila kupanda. Na muda wote kamera inamrudia Deayton, ambaye hasemi lolote. Uso wake ndio kipimo: yeye ni mtu wa kawaida, kama sisi, na sandwichi yake ilikuwa tayari tangu mwanzo. Bila yeye tungekuwa tunamtazama mwendawazimu mmoja. Akiwapo, kuna watu wawili wanaoonana aibu.

Sasa, ukienda kutafuta kisa hiki kwenye vipande vilivyokatwakatwa, mara nyingi kinaanzia kwenye samaki, kwa sababu samaki ndio wanaovuta jicho. Mkasi umetupwa, kadi imetupwa, na ule mtazamo wa kwanza wa Bean kwenye sandwichi ya mwenzake, ambao ndio sababu ya yote, haupo. Watoto watacheka, ndiyo. Watacheka mara moja, na kesho hawatakumbuka wamecheka nini.

Vipande vinaua pia visa vinavyopita kipindi kimoja hadi kingine. Kuna gari dogo la buluu la magurudumu matatu, Reliant, namba GRA 26K, ambalo Bean ana uadui nalo tangu kipindi cha kwanza. Dereva wake hatumwoni kabisa. Kila linapotokea linasukumwa, linakoswa au linapinduka, na kila mara sababu inabadilika. Kuna Mini yake. Ya kwanza ni ya rangi ya chungwa, na inaishia vibaya kwenye kipindi cha kwanza chenyewe. Baada ya hapo ndiyo inakuja ile tunayoijua, ya kijani cha ndimu yenye boneti nyeusi, namba SLF 991R. Kwenye mlango amefunga komeo na kufuli kama mlango wa kibanda, na akiegesha anang'oa usukani akaenda nao. Yote hayo umeyazoea, hukuombwa hata kuyatazama, mpaka kipindi cha 11 cha Oktoba 1994, kifaru cha jeshi kinapoipanda Mini hiyo na kuilaza bapa. Mtu aliyefuata tangu mwanzo anaumia kidogo hapo huku akicheka. Mtu aliyetumiwa kipande kwenye WhatsApp anaona gari likipondwa.

Tuje kwenye namna ya kuvitazama, maana hapa ndipo pesa nyingi hupotelea hewani.

Vipindi hivi vilipigwa kwa umbo la 4:3, lile la televisheni za zamani za mgongo. Televisheni bapa za sasa ni 16:9, na nyingi zikipokea picha ya 4:3 huivuta ijae skrini. Matokeo yake kila kitu kinapanuka kwa theluthi moja: uso mrefu wa Atkinson unakuwa duara, miguu yake myembamba inakuwa minene, na mwili ambao ndio chombo chake cha kazi unakuwa wa mtu mwingine. Mbaya zaidi ni ile hali ya kukuza, ambayo haivuti picha bali inakata robo ya kimo chake, juu na chini. Mikono ya Bean hufanya kazi sehemu ya chini ya fremu: kadi kwenye siagi, kalamu kwenye karatasi ya mtihani, kidole kwenye zipu. Ukikata huko umekata kisa. Tafuta kwenye rimoti kitufe cha umbo la picha, kwa kawaida huandikwa "Aspect", "P.Size" au "Picture Size", uchague 4:3. Mistari myeusi ya pembeni ni haki yake, usiione kama hasara.

Tatizo la pili ni la faili za flash. Kamera za video za wakati ule zilichukua nusu-picha 50 kwa sekunde, na DVD halisi ya Uingereza inazihifadhi hivyo. Anayezihamisha bila kujua huziunganisha mbilimbili, basi mkono ukienda kasi unaona mistari ya kulala kama meno ya kitana ukingoni mwake. Kwenye kompyuta dawa ipo: fungua kwa VLC, nenda kwenye menyu ya Video, washa "Deinterlace", na kwenye aina chagua Yadif. Televisheni inayosoma flash moja kwa moja mara nyingi haina nafasi hiyo, kwa hiyo mwambie muuzaji afungue kipindi cha tatu pale pale dukani kwake uone mkono wakati wa kuzungusha soksi. Ukiona meno, kataa faili hiyo. Na picha ikiwa inashtukashtuka kamera inapogeuka, huenda ilipitia mfumo wa Marekani wa NTSC kabla ya kufika, na hilo halitibiki nyumbani.

Kwa ukubwa wa faili: kipindi kimoja chenye picha safi huwa MB 200 hadi 350. Vipindi 14 basi ni kama GB 3 hadi 5, na flash ya GB 8 inatosha kabisa. Ukipewa vyote 14 chini ya GB 1, vimekamuliwa mno. Utauona usiku wa barabarani ukiwa na mabaka ya miraba. Usikubali viunganishwe kuwa faili moja ndefu. Flash nyingi zinakuja kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili inayofika GB 4, na zaidi ya hapo muunganishaji hukata majina ya mwisho na ile kwaya. Omba MP4 ya H.264, ambayo karibu kila televisheni inaisoma. Ukiona picha inatokea bila sauti, kosa liko kwenye aina ya sauti ndani ya faili, si kwenye spika zako.

Spika zenyewe zina neno lake. Wengi sasa wanaunganisha spika ya bluetooth kwenye televisheni. Sauti ya bluetooth huweza kuchelewa sehemu ya sekunde nyuma ya picha, na kwa taarifa ya habari usingejua. Kwa Bean unajua. Vicheko unavyovisikia ni vya hadhira iliyokuwa studioni. Visa vya nje vilipigwa mapema, kisha hadhira ikaonyeshwa kwenye skrini na kicheko chake kikarekodiwa. Atkinson anasubiri kicheko kama imamu anavyosubiri "amina", na kikichelewa robo ya sekunde tu mdundo unavunjika. Tumia waya. Na kama pangaboi lako lina kelele, punguza kasi yake kidogo, kwa sababu Bean hunong'ona kooni kwa sauti ya chini sana, na sauti hizo ni sehemu ya uandishi. Kipindi cha kwanza, kile cha mtihani, kinategemea minong'ono hiyo.

Kuna pia nakala zenye dijei anayesimulia kwa Kiswahili juu ya picha. Ufundi huo unafaa sana kwa filamu za mapigano, na umewapa watu wengi raha ambao wasingefuata Kichina wala Kihindi. Kwa Bean haufai hata kidogo. Kipindi hiki kimejengwa kwa ukimya, na msimulizi anapoujaza anakueleza utani kabla haujafika.

Ukiamua DVD halisi, geuza kasha uangalie alama ndogo ya tufe lenye namba. Kenya iko eneo la 5. Uingereza ni eneo la 2. Kwa sheria ya mashine, deki iliyotengenezwa kwa soko letu itakataa diski ya Uingereza na kukuandikia "region error". Lakini nchi za Ghuba nazo ni eneo la 2, kwa hiyo deki iliyonunuliwa Dubai itaicheza bila tatizo, na nyingi za bei nafuu zinazouzwa mjini hufungua maeneo yote. Peleka diski dukani ujaribu kabla ya kununua deki. Kwenye kompyuta kuwa mwangalifu: kiendeshi cha DVD hukuruhusu kubadilisha eneo mara 5 tu, kisha kinajifunga kwenye la mwisho. Diski ya Marekani, eneo la 1, usihangaike nayo. Na kwa hewa yetu ya chumvi, rudisha diski ndani ya kasha kila ukimaliza. Deki za Mombasa hufa kwenye lenzi, na vumbi lenye unyevu ndilo linaloziua.

YouTube rasmi ni halali, ni bure, na picha zake zimesafishwa. Kwa ubora wa 480p kipindi cha dakika 25 kitakula MB 150 hadi 250. Shida yake ni kwamba imejaa mikusanyo: "saa nzima ya Bean", vipande kutoka vipindi mbalimbali pamoja na katuni. Tafuta kwa jina la kipindi na uangalie urefu. Ikiwa ni dakika 24 hadi 26, ndicho.

Kati ya 14, viwili vya kwanza kutazama ni cha 1 na cha 3. Kisha cha 5, ambapo amechelewa kwa daktari wa meno na anavaa nguo na kupiga mswaki huku akiendesha, akisukutua kwa maji ya kuoshea kioo cha gari. Cha 9 ndicho chenye kiti juu ya paa la Mini: amenunua vitu vingi mno kwenye mauzo ya bei iliyopunguzwa, gari limejaa mpaka hana pa kukaa, basi anafunga kiti cha kochi juu na kuliendesha gari kutoka huko kwa kamba na mpini wa mopu. Yeyote aliyeona mkokoteni ukishuka Mwembe Tayari na kabati, godoro na mwenye mali juu yake ataelewa hesabu anayoifanya. Mwaka 2015, kwa kuadhimisha miaka 25, Atkinson alirudia kuketi kwenye kiti juu ya Mini mbele ya kasri la Buckingham. Cha 10, cha mtoto mchanga kwenye viwanja vya burudani, kimevutwa kupita kiasi. Cha 12 kina nusu nzuri, ya dobi, na nusu ya gofu inayorudia wazo moja.

Kwa wazazi: hakuna matusi. Kuna uchi wa kuchekesha, kwenye kipindi cha 3 bwawani na kwenye cha 8 hotelini, ambapo anafungiwa nje ya chumba bila nguo. Cha 2 kina kisa cha zipu mbele ya malkia. Cha 9 kinaanza na karamu ya mwaka mpya yenye vinywaji. Kile cha kanisani, kwenye kipindi cha 1, kinamcheka Bean anayesinzia na kutaka peremende wakati wa mahubiri. Ibada yenyewe haiguswi.

Kuhusu kazi zake nyingine, katuni ndiyo ambayo watoto wa sasa wanaijua zaidi. Ilianza 2002, na sauti ni ya Atkinson mwenyewe. Imechorwa vizuri, Bi. Wicket mwenye nyumba na paka wake Scrapper ni wahusika wazuri, lakini kwenye katuni lolote linawezekana, na Bean huchekesha kwa sababu yuko kwenye dunia ambamo sivyo. Filamu mbili, ya 1997 na Mr. Bean's Holiday ya 2007, ya pili ndiyo bora: ina maneno machache zaidi. Johnny English, kuanzia 2003, ni burudani ya basi la Nairobi, na hapo inakaa vizuri. Man vs Bee ya Netflix, 2022, ina vipindi 9 vifupi na inaonyesha kwamba akiwa na miaka 67 bado anajua kupanga kifaa, mkono na jicho. Ila mhusika wake ni mpole kiasi kwamba unamhurumia mapema mno. Ukitaka kuona upande usiocheka kabisa, tafuta filamu nne za upelelezi za Maigret, 2016 na 2017. Ukimya ni uleule, uso umetulia, na unaona ni kiasi gani cha kazi ya Bean kilikuwa kujizuia. Blackadder ni kwa anayefuata Kiingereza cha kasi. Aanzie msimu wa pili.

Pwani yetu imo pia kwenye maisha yake. Machi 2001, akirudi Nairobi na familia yake kutoka likizo huku, rubani wa ndege ndogo aliyokodi alizimia angani. Atkinson, ambaye hakuwa rubani, alishika usukani mpaka rubani akazinduka na kuitua salama kwenye uwanja wa ndege wa Wilson.

Jambo la mwisho kabla hujalipa. ITV, televisheni ya Uingereza, ilionyesha vipindi 13 tu kati ya 1990 na 1995. Cha 14, Hair by Mr. Bean of London, ambacho anaachwa peke yake kwenye duka la kinyozi na wateja wanaanza kuingia wakidhani ndiye fundi, kilitolewa kwa kanda ya video Novemba 1995 na hakikuwa kwenye matangazo ya wakati ule. Kwa hiyo seti iliyokopiwa kutoka matangazo hayo haina, na muuzaji atakujazia nafasi hiyo kwa mkusanyo wa vipande unaoitwa The Best Bits of Mr. Bean ili hesabu itimie 14. Mwambie akufungulie cha kinyozi hasa. Kikianza na Bean akiingia saluni, lipa.